Mtaji mdogo wa poka: uhesabu viingilio, ufuate asilimia, au ujaribu ngazi ya juu?

Una dola 100 za kuchezea poka mtandaoni, na una hakika kwamba zikipotea zote hakuna bili itakayokosa kulipwa. Kinachobaki ni kuamua ukae meza ipi, na uhame lini. Hapo ushauri huanza kugongana. Mmoja atakwambia uwe na viingilio 20, mwingine 50. Wa tatu atasema achana na viingilio, fuata asilimia. Wa nne atakwambia mtaji mdogo haufiki popote kwa mwendo wa kobe, kwa hiyo jitose juu mara moja ukapige bao. Huyu wa nne namwacha kando tangu sasa, maana anachokipendekeza ni kubahatisha. Hao wengine wana hoja, na kila njia ina mtu inayemfaa.

Kwanza vipimo. Kwenye meza za keshi, ambako unacheza kwa fedha halisi na kuondoka utakapo, za Texas Hold'em (aina ya poka) isiyo na kikomo cha dau, kiingilio kizima huwa ni blaindi kubwa 100. Blaindi ni madau mawili ya lazima, dogo na kubwa, yanayowekwa kabla ya karata kugawiwa; meza ya senti 1/2 ni ile yenye blaindi za senti 1 na senti 2. Meza ya senti 1/2 kiingilio chake ni dola 2, ya senti 2/5 ni dola 5, ya senti 5/10 ni dola 10. Kwa hiyo dola 100 zilezile ni viingilio 50 kwenye meza ya chini kabisa, 20 kwenye inayofuata, na 10 tu kwenye ya tatu.

Kwa nini anayejua kucheza naye hufilisika

Ree mbili dhidi ya wafalme wawili, fedha zote zikiwekwa kabla ya karata za mezani kufunguliwa, hushinda takriban mara 82 kati ya 100. Wachezaji wengi huikariri hiyo 82 na kuisahau ile 18. Anayesubiri karata moja ili atimize tano za rangi moja, karata tatu za kwanza zikiwa tayari mezani, hufanikiwa kama mara 35 kati ya 100.

Sasa chukua jioni moja kwenye meza ya 2/5. Umekaa na dola 5. Unagawiwa ree mbili, mpinzani ana wafalme, zote zinaingia katikati, na mfalme wa tatu anafunguka kwenye karata ya mwisho. Unaongeza dola 5 nyingine. Baada ya muda una ree na mfalme, ree imefunguka mezani pamoja na kopa mbili. Unadau vizuri, mpinzani mwenye kopa mbili mkononi anaweka zote, unamkubalia, kopa inaanguka. Dola 10 zimeondoka, na kila uamuzi uliofanya ulikuwa sahihi. Mwenye dola 100 amepoteza sehemu ya kumi ya mtaji wake kwa mikono miwili, yaani migao miwili ya karata.

Hilo si jambo la nadra, ndiyo hali ya kawaida ya mchezo. Kwenye meza za watu sita, matokeo ya mikono 100 hutawanyika kuzunguka wastani kwa mkengeuko sanifu wa blaindi kubwa 80 hadi 100 hivi, na kwenye Omaha, aina nyingine ya poka, ni zaidi ya hapo. Mchezaji mzuri wa meza hizi huenda anaingiza wastani wa blaindi 5 kwa mikono 100. Yaani ule uwezo wake ni 5, na mawimbi yanayomrusha ni 90. Hata baada ya mikono 10,000, rekodi yako bado inaweza kukosea kwa blaindi 9 kwa kila mikono 100, na hilo ni kosa la kawaida tu, wala si la kupindukia. Mwenye rekodi ya +5 baada ya mikono 10,000 anaweza kuwa mchezaji bora, au anaweza kuwa anapoteza pole pole na amebebwa na bahati. Ukifika mikono 100,000, kosa hilo hupungua hadi karibu blaindi 3.

Naomba msomaji akae na jambo hili kidogo, kwa sababu ndilo linaloamua ulinganisho wote. Mtu mwenye mtaji mdogo kwa kawaida ni mgeni kwenye mchezo, na mgeni hajui anashinda kwa kiwango gani. Kanuni yoyote inayomtaka ajue hilo kwanza inamtegemeza kwenye namba ambayo hana.

Njia ya kwanza: idadi ya viingilio

Hii ndiyo ya zamani na rahisi kuliko zote. Unachagua namba, tuseme 20, 30 au 50, na hukai meza ambayo mtaji wako haufikishi idadi hiyo. Uzuri wake ni kwamba haina mjadala. Unafungua akaunti, unaona salio, unagawanya kwa kiingilio, umemaliza.

Tofauti ya 20 na 50 ni kubwa kuliko inavyoonekana. Nimetumia fomula ya kawaida ya hatari ya kufilisika, kwa mkengeuko sanifu wa blaindi 90, nikichukulia mchezaji abaki meza moja siku zote, asishuke wala asitoe fedha. Safu ya kwanza ni blaindi anazoingiza kwa mikono 100:

| Ushindi | Viingilio 10 | Viingilio 20 | Viingilio 30 | Viingilio 50 |
|---|---|---|---|---|
| 2 | 61% | 37% | 23% | 8% |
| 5 | 29% | 8% | 2% | 0.2% |
| 8 | 14% | 2% | 0.3% | karibu 0 |

Soma mstari wa juu. Huyo ni mshindi. Anacheza vizuri kuliko wenzake wa mezani, na bado kwa viingilio 20 ana zaidi ya nafasi moja kati ya tatu ya kupoteza kila senti. Ndiyo maana nasisitiza kwamba ushauri wa "viingilio 20 vinatosha" ni wa mtu mwenye ushindi mzuri na uliothibitika, ambaye kwa kawaida si yule anayeuuliza.

Asiyeshinda hayumo kwenye jedwali kwa sababu jibu lake ni moja: 100%. Hakuna idadi ya viingilio inayomwokoa anayepoteza, inamchelewesha tu. Kwenye meza za chini, kamisheni ambayo tovuti hujikatia inaweza kumgeuza mshindi mwembamba kuwa mpotezaji. Mara nyingi ni karibu 5% ya kitita, yaani fedha zote zilizowekwa katikati kwenye mkono mmoja, na ina kikomo, lakini vitita vya senti havikifikii kikomo hicho, hivyo ukipima kwa blaindi utaona mchezaji wa chini anakatwa zaidi kuliko wa juu. Angalia kiwango cha kamisheni kabla ya kuangalia bonasi.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba wengi huitumia kupanda na kuisahau wakati wa kushuka. Mtu anafika viingilio 30, anapanda, anapoteza 12, halafu anabaki palepale kwa sababu "mimi ni mchezaji wa 2/5 sasa". Namba 30 ilikuwa ya kumlinda, naye ameigeuza cheo.

Njia ya pili: asilimia ya mtaji

Hapa hesabu inafuata salio. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Chris Ferguson, bingwa wa dunia wa mwaka 2000, ambaye mwaka 2006 alianza na salio la sifuri, akacheza mashindano ya bure hadi akapata senti za kwanza, na mwishowe akafikisha dola 10,000. Kanuni zake zilikuwa hizi: asiingie meza ya keshi kwa zaidi ya 5% ya mtaji, asiingie mashindano ya meza nyingi kwa zaidi ya 2%, na fedha alizo nazo mezani zikizidi 10% ya mtaji wote aondoke blaindi itakapomfikia.

Tano kwa mia ni viingilio 20, kwa hiyo ukiitazama juu juu utaona ni njia ya kwanza kwa jina jingine. Inatofautiana kwa jambo moja kubwa: kushuka kumo ndani yake. Salio likipungua, kiwango unachoruhusiwa kinapungua siku hiyohiyo, bila wewe kujiuliza kama umechoka au umeonewa.

Nimefanya hesabu ya faida ya kushuka, kwa sababu watu huitaja sana bila kuonyesha ukubwa wake. Mshindi wa blaindi 5 akianza meza ya 2/5 na dola 100 na kung'ang'ania hapo, hatari yake ni hiyo 8% ya kwenye jedwali. Mpe sharti moja tu: salio likigusa dola 60 ashuke meza ya 1/2, na likirudi 100 apande tena. Hatari inaporomoka hadi karibu 1%. Dola 60, ambazo zilikuwa viingilio 12 vya juu, ghafla ni viingilio 30 vya chini. Mshindi wa blaindi 2 naye anapata nafuu, kutoka 37% hadi takriban 24%, ingawa bado si pa kujivunia. Ukilinganisha na jedwali, mshindi wa blaindi 5 mwenye viingilio 20 na nidhamu ya kushuka yuko salama kuliko mwenye 30 asiyeshuka, na yule wa blaindi 2 anakaribia kulingana naye.

Kasoro za asilimia ziko mbili. Ngazi za meza haziko karibu karibu: ukiwa na dola 99, 5% yake ni dola 4.95, na hakuna meza ya namna hiyo, kwa hiyo utaingia na pungufu kidogo ya kiingilio au ushuke hadi chini ya nusu ya dau. Huko chini kabisa asilimia hukwama, maana mwenye dola 30 anaruhusiwa dola 1.50 na meza ndogo kuliko zote inataka 2. Ferguson mwenyewe alijiwekea msamaha wa viingilio visivyozidi dola 2.50, na sioni aibu kufanya hivyo.

Ile kanuni ya kuondoka ukizidi 10% inahitaji maoni tofauti. Inamlinda asiyejua kucheza na fedha nyingi mezani, na kwa mgeni naiunga mkono. Lakini inaweza pia kukuondoa kwenye meza nzuri kabisa, ambapo mchezaji dhaifu kakaa na rundo kubwa mbele yake na wewe ndiye pekee mwenye fedha za kufikia zake. Mwenye uzoefu anaweza kuilegeza.

Wapenda hesabu watauliza habari za John Kelly wa maabara ya Bell, aliyechapisha mwaka 1956 fomula ya ukubwa wa dau unaokuza mtaji haraka kuliko yote. Kwa mshindi wa blaindi 5 na mkengeuko wa 90, fomula hiyo inatoa mtaji wa blaindi 1,620, kama viingilio 16. Nusu ya Kelly, ambayo hubakiza robo tatu ya kasi ya ukuaji kwa mitikisiko ya nusu tu, inatoa viingilio 32. Lakini ushindi ukiwa blaindi 2, nusu hiyohiyo inapaa hadi viingilio 81. Fomula ni nzuri. Tatizo ni kile kiwango cha ushindi unachotakiwa kukiingiza.

Njia ya tatu: kujaribu ngazi ya juu kwa fungu maalumu

Hii haisimami peke yake, inapachikwa juu ya mojawapo ya mbili za mwanzo. Una kiwango chako cha usalama, tuseme dola 150 kwa meza ya 2/5. Umefika 180. Hizo 30 za ziada ni viingilio vitatu vya meza ya 5/10, nawe unakwenda kuvijaribu huko. Ukivipoteza, unarudi ulikotoka ukiwa na 150 zako kamili.

Ninaipenda kwa sababu mbili. Mchezaji anayesubiri viingilio 50 kwa kila ngazi anaweza kucheza mwaka mzima dhidi ya watu walewale wenye makosa yaleyale, na asijifunze kinachofanyika juu. Pia unapata kuchagua siku: unakwenda juu ukiwa umepumzika na meza ikiwa na wachezaji wepesi, si kwa sababu tu salio limefika namba fulani.

Hatari yake ni dhahiri. Viingilio vitatu huisha kwa saa moja, na kile cha nne ndicho kinachoharibu watu. Anayejijua kwamba hasira humpanda akipoteza asiiguse njia hii mpaka amejithibitishia, kwa rekodi, kwamba ameshindwa mara kadhaa na kurudi chini bila kuongeza. Matokeo ya jaribio lenyewe hayakwambii lolote. Kushinda viingilio vitano katika mikono 2,000 si ushahidi kwamba umeiweza ngazi, kama ambavyo kupoteza vitatu si ushahidi kwamba hukuistahili.

Mashindano hayafuati hesabu hizi

Mwenye dola 100 akihamia kwenye mashindano ya meza nyingi, asahau kabisa 20 na 30. Kwa kawaida hulipwa 10 hadi 15% ya washiriki, na fedha nyingi ziko kwenye nafasi chache za juu. Hata anayelipwa mara 15 kati ya 100 ana uwezekano wa karibu mmoja kati ya watano wa kucheza kumi mfululizo bila kurudisha hata senti. Na hao wanaolipwa wengi hupata mara mbili ya kiingilio, haifiki mbali. Viingilio 100 ndiyo kiwango cha chini ninachoweza kumshauri mtu, kwa hiyo dola 100 ni mashindano ya dola moja. Washiriki wakiwa maelfu, au blaindi zikipanda kwa kasi, ongeza.

Mashindano madogo ya meza moja, watu tisa wakilipwa watatu kwa mgawo wa 50, 30 na 20, yako katikati, na viingilio 50 hutosha. Yale ya watu watatu ambayo zawadi yake huchaguliwa kwa bahati kabla ya kuanza yaweke kapu moja na mashindano makubwa, maana sehemu ya mapato yako imefungwa kwenye zawadi kubwa ambazo huenda zisikuangukie kwa muda mrefu sana.

Ukipenda keshi na mashindano pia, gawa mtaji mara mbili na usiruhusu upande mmoja ukope kwa mwingine. Ukikaa meza ya keshi ili "kurudisha" kilichopotea kwenye mashindano, unakuwa umekwishaiacha kanuni uliyoichagua.

Nani achague nini

Kama dola 100 zako haziwezi kurudishwa kabla ya miezi kadhaa, na hujafikisha mikono elfu kadhaa ya kumbukumbu, anza meza ya 1/2 ukiwa na viingilio 50. Panda 2/5 ukifika 150, na shuka bila kubishana salio likigusa 100. Utaona ni polepole, na ni kweli ni polepole. Unanunua muda wa kujua kama unashinda, na muda huo ndio kitu cha thamani zaidi ambacho mtaji mdogo unaweza kununua.

Kama una mshahara na unaweza kuongeza dola 50 kila mwezi bila kuumia, mtaji wako si 100 kama akaunti inavyosema, ni zaidi, na kanuni ya 5% inakutosha. Anza 2/5. Lakini kiwango cha kuongeza ukiweke kabla ya mwezi kuanza, ukiandike, na kisibadilike baada ya usiku mbaya. Anayeongeza kila anapoishiwa hana mtaji, ana matumizi, na inafaa ajue ni kiasi gani kwa mwaka. Akiona anaficha kiasi hicho kwa watu wa nyumbani kwake, aache kucheza kwanza, aongee na mtu.

Kama rekodi yako ni ya makumi ya maelfu ya mikono na inaonyesha ushindi, viingilio 30 pamoja na majaribio ya viingilio vitatu ndiyo njia ninayoiona bora. Inakupeleka juu kwa kasi ya kuridhisha, na gharama ya kukosea unaijua kabla hujakaa.

Liko jambo moja linalowahusu wote. Salio la kwenye tovuti ni deni ambalo tovuti inakutaka uamini italilipa. Tarehe 15 Aprili 2011, serikali ya Marekani ilifungulia mashtaka kampuni kubwa za poka na kuzitwaa anwani zao za mtandao. Full Tilt Poker, ileile alikochezea Ferguson kutoka sifuri, ikashindwa kuwarudishia wachezaji fedha zao. Wachezaji wa nje ya Marekani walianza kuzipata mwishoni mwa 2012 baada ya PokerStars, tovuti nyingine ya poka, kuinunua, na wa Marekani kuanzia 2014. Kwa hiyo angalia kwanza kama tovuti ina leseni inayotambulika mahali ulipo, na kama inatenga fedha za wachezaji na zake. Kisha weka mtandaoni viingilio 20 hadi 30 vya meza unayocheza sasa, na kilichozidi hapo kikae benki, kikiandikwa kwenye daftari lilelile la mtaji.